Msiivunje Stesheni ya Zamani

Si zamani sana nilialikwa kuwa mwamuzi wa mjadala katika shule moja ya upili karibu na Merigi, katika kaunti ya Bomet. Hoja iliyoletwa mbele yetu ilikuwa hii: kwamba majengo ya reli yaliyojengwa na wakoloni hayana faida tena, na kwa hiyo yafaa yabomolewe na viwanja vyake wagawiwe wananchi. Msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na maneno ya kupangika, naye alishangiliwa sana. Upande wa kupinga ulisema maneno machache juu ya kuhifadhi historia, ukataja makumbusho, kisha ukaketi. Hoja ikapita kwa kura nyingi. Mimi nilifunga kinywa changu kama inavyompasa mwamuzi. Sasa kura zimekwisha kuhesabiwa, nami si mwamuzi tena, basi nataka kusema yale ambayo upande wa kupinga haukuyasema.

Jambo lililonisikitisha siku ile ni kwamba pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja kubwa bila ya kujua. Mmoja alitaka stesheni ya zamani ibomolewe, wa pili alitaka ifungiwe kamba na kutazamwa. Lakini wote wawili waliifanya maiti. Huyu alitaka kuizika, yule alitaka kuitia dawa isioze. Hapana aliyesimama na kuuliza kama kweli imekufa. Mimi nasema haikufa. Stesheni ya zamani ni chombo cha kazi, na mahali pake panapostahili ni kazini.

Tazameni kwa jirani zetu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Reli kutoka Djibouti ilianza kujengwa mwaka 1897, nayo ikafika Addis Ababa mwaka 1917. Mwaka 1929 likafunguliwa jengo la stesheni katikati ya mji, mwishoni mwa barabara pana iteremkayo kutoka upande wa juu. Watu wa mji wakaliita Legehar, kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya stesheni, na mtaa mzima ukachukua jina hilo. Miaka ikapita, reli ile ikachakaa, magari yakakoma kwenda. Hapo wabomoaji wa kwetu wangalisema: basi, imekwisha, leteni nyundo.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Mwezi wa Septemba mwaka 2015 Addis Ababa ilifungua reli nyepesi ya mjini, yenye njia mbili na urefu upatao kilometa 34, ili kuwachukua watu kutoka vitongojini hadi mjini na kuwarudisha. Moja ya stesheni za reli hiyo mpya ikawekwa Legehar, karibu na lile jengo la mwaka 1929, ikaitwa kwa jina lile lile. Mwaka uliofuata, 2016, ikafunguliwa reli nyingine mpya ya umeme kwenda Djibouti, na stesheni yake ikawekwa Lebu, nje ya mji. Sasa linganisheni. Reli ya safari ndefu iliusogelea mji ikaishia pembeni, na msafiri akishuka Lebu bado ana safari nyingine mbele yake. Reli nyepesi, iliyokuwa na haja ya abiria wa kila siku, ilipita Legehar. Sidhani kwamba wajenzi wake walivutwa na mapenzi ya mawe ya kale. Walivutwa na watu. Stesheni ya zamani ilipojengwa, mji uliizunguka: maduka, hoteli, masoko, barabara, vituo vya mabasi. Jengo lenyewe mtu aweza kulivunja kwa siku tatu. Mji uliokua pembeni yake kwa muda wa miaka mia hawezi kuubeba akaupeleka Lebu.

Wala msinielewe kwamba kila kipya ni kibaya. Ila kipya nacho huzeeka, tena wakati mwingine upesi kuliko tunavyodhani. Ile reli nyepesi ya Addis Ababa haikumaliza miaka 10 kabla ya magari yake mengi kulazwa kwa kukosa vipuri. Je, nayo ibomolewe? Kwa hoja ya kijana wetu ingebidi.

Natoka Ethiopia narudi nyumbani, maana yaliyotokea Addis Ababa yametokea Nairobi pia. Kabla ya mwaka 1899 mahali palipo Nairobi leo palikuwa malisho na kinamasi. Wajenzi wa reli walipofika hapo mwezi wa Mei mwaka ule, waliona kwamba ndiyo nafasi ya mwisho iliyo tambarare kabla ya kuanza kupanda milima na kushuka Bonde la Ufa, wakaweka bohari ya vyuma, karakana na mahema. Mwaka ule ule makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa. Mji mkuu wa Kenya ulizaliwa na bohari ya reli, na bohari ndiyo iliyoulea. Mitaa ya kwanza ilifuata haja za reli, na hata leo stesheni ya zamani ipo mahali ambapo mtu akitoka mlangoni ana mji mbele ya macho yake.

Mwaka 2017 ikaja reli mpya pana kutoka Mombasa. Ni reli nzuri, na safari ambayo zamani ilichukua usiku mzima sasa huchukua saa chache. Lakini stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, yapata kilometa 20 kutoka katikati ya mji. Je, abiria wenye mizigo na watoto walifikaje mjini? Ilibidi kuwatafutia gari lingine, na gari hilo likawa la ile reli ya zamani ya upana wa mita moja, likiwashusha katika ile stesheni ya zamani. Hapo Syokimau palikuwa na stesheni ndogo iliyofunguliwa mwezi wa Novemba mwaka 2012, ambako watu wa vitongoji huacha motokaa zao asubuhi wakapanda gari la moshi kwenda kazini. Kumbe yule kijana mwenye mbio alibebwa mgongoni na babu yake katika hatua za mwisho! Lau wabomoaji wangaliivunja stesheni kuu ya Nairobi na kugawa viwanja vyake mwaka 2010, mwaka 2017 wangalitafuta wapi mahali pa kuwashusha watu? Hakuna bei ya kununulia kiwanja cha namna hiyo katikati ya Nairobi.

Na kwa kuwa kijana wetu alidharau sana vitu vya zamani, nimkumbushe kwamba mwaka 2020 serikali iliponunua magari ya dizeli kwa ajili ya abiria wa vitongoji vya Nairobi, ilinunua magari yaliyokwisha kutumika Hispania. Yakawekwa juu ya reli ya zamani, nayo yakaenda.

Sasa niijie ile hoja iliyoshangiliwa zaidi, hoja ya ukoloni. Kijana alisema kwamba majengo haya ni alama za dhuluma. Hapo alisema kweli, wala sitajaribu kumpinga. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi Kisumu mwaka 1901 haikujengwa kwa ajili yetu. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na wapatao 2,500 miongoni mwao wakafa kwa maradhi, ajali na simba. Wanandi waliipinga njia hiyo kwa silaha tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1905, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa tarehe 19 Oktoba 1905 na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano uliosemekana kuwa wa kutafuta amani. Wakipsigis nao hawakusalimika. Reli ilipokwisha kupita, ardhi yao yenye rutuba ya pande za Kericho na Sotik ilianza kukatwa na kupewa walowezi, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kupanda chai. Mwaka 1934 watu wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, walihamishwa kwa nguvu wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Hata stesheni kubwa ya nchi yetu iliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapachika Wakipsigis bila ya kuwauliza. Leo yaitwa Kipkelion.

Yote hayo ni kweli, na kwa sababu ni kweli nasema jengo lisivunjwe. Mtu aendaye barazani kudai shamba la baba yake hang'oi kwanza mawe ya mpaka. Wakipsigis na Watalai wangali wanadai haki yao. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya jambo hilo, na mwaka 2022 malalamiko yalipelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Basi katika wakati huu ambapo tunawaambia walimwengu kwamba ardhi yetu ilichukuliwa, na kwamba reli ndiyo iliyofungua mlango wa kuchukuliwa kwake, je, ni busara sisi wenyewe kuuondoa mlango huo na kuusawazisha kwa tingatinga? Atafaidika nani? Mwenye kutenda dhuluma ndiye hupenda mahali pake pafutike. Aliyedhulumiwa hana haja ya kumfanyia kazi hiyo bure.

Kisha yafaa tuulize kwa uwazi: wanaotaka stesheni ivunjwe, je, ni uchungu wa ukoloni unaowasukuma? Nina shaka. Zamani zile Wanandi walikata nyaya za simu na kuchukua vyuma vya reli. Walikuwa vitani, na vyuma vile walivigeuza silaha na mapambo. Siku hizi taruma hung'olewa usiku na kuuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tabia hiyo iliharibu mali nyingi ya umma hata mwezi wa Januari mwaka 2022 serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Katika hilo sioni upinzani wa ukoloni hata kidogo. Na neno lile "wagawiwe wananchi" nalo lahitaji kuangaliwa. Ni wananchi gani hao? Mama auzaye mboga mbele ya stesheni ni mwananchi, lakini sijaona mahali ambapo kiwanja cha umma kilipogawiwa yeye alikuwa wa kwanza katika orodha. Aghalabu hufukuzwa siku ile ile.

Wenye kudhani kwamba kilichovunjwa chaweza kurudishwa wakati wowote, na waende Unguja. Kati ya mwaka 1904 na 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga huko reli nyepesi ya maili 7, kutoka Mji Mkongwe hadi Bububu. Magari yalipita karibu mno na nyumba za watu, yakawachukua wakulima, wachukuzi na hata wageni walioshuka melini kutazama mashamba ya karafuu. Katika miaka ya 1920 reli ile ikafungwa, motokaa zikashika nafasi yake, na vyuma vikaondolewa. Pengine wakati ule jambo hilo lilionekana kuwa la maendeleo. Leo barabara ya Bububu imejaa daladala na pikipiki, na ikiwa mtu atataka kupitisha reli nyepesi tena, itambidi avunje nyumba za watu ili apate ile njia ambayo wazee walikuwa nayo mkononi.

Nirudi katika nchi yetu ya chai. Merigi haina reli, wala Bomet yote haijapata kuwa nayo. Chai yetu, maziwa yetu na mahindi yetu huenda kwa malori. Lakini jirani zetu wa Kericho wanayo. Njia ya kwenda Kisumu hupanda hadi kilele cha Mau, zaidi ya meta 2,500 juu ya bahari, kisha huteremka kwa mizunguko na madaraja mengi ikipita Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni. Makasha ya chai ya Kericho yalipelekwa kwa barabara hadi stesheni ya Lumbwa, yakapakiwa katika mabehewa. Mwaka 1931 reli kuu ya kwenda Uganda, iliyopitia Eldoret, ilipofika Kampala, njia yetu ikawa tawi tu, nayo ikaanza kuonekana kama kitu cha pembeni. Baadaye kwa miaka kadhaa magari ya abiria yakakoma kabisa. Nyasi zikaota kati ya vyuma. Mbuzi wakalala katika kumbi za abiria.

Ndipo mwezi wa Desemba mwaka 2021, baada ya njia kutengenezwa, gari la abiria likaenda tena kutoka Nairobi hadi Kisumu. Waliosema kwamba reli hiyo imekufa hawakuomba radhi, wala mimi sikutazamia waombe. Lakini angalieni: ukuta uliokuwa umesimama ulihitaji rangi na kufuli; ukuta uliokwisha kuvunjwa ungehitaji mawe, saruji, mafundi na miaka. Mwenye kupajua Kericho ajua kwamba mvua yake ya alasiri si ya mzaha. Paa moja kuukuu juu ya abiria 40 wanaongojea lina thamani kuliko ramani nzuri ya jengo litakalokuja. Na kabla ya hapo, mwaka 2020, njia ya Nairobi kwenda Nanyuki, ambayo nayo ilidhaniwa imekwisha, ilifufuliwa kwa mikono ya vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa na ya wanajeshi.

Ndugu zangu wa makumbusho nao nina neno nao. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ni mahali pazuri, na kila mwanafunzi apatapo nafasi aende. Ataona humo injini kubwa za mvuke, na lile behewa ambalo simba alimtoa humo afisa Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Injini ya mvuke imekwisha kazi yake, yafaa kutazamwa. Lakini stesheni si injini. Kuifungia kamba stesheni ya Kipkelion au ya Londiani, na kuweka mlinzi auzaye tiketi kwa wageni wawili kwa mwezi, ni namna nyingine ya kuiua. Jengo lisilokaliwa huvuja, na linalovuja huanguka. Chumba cha mkuu wa stesheni chaweza kuwa ofisi ya ushirika wa wakulima. Bohari ya mizigo yaweza kuhifadhi chai na viazi. Ukumbi ubaki wa abiria. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa yatoa njia ya kulitangaza jengo kuwa la urithi ili lisivunjwe ovyo. Lakini tangazo peke yake halizibi paa.

Nakubali pia kwamba si kila kibanda kilichopigwa bati na wakoloni kinastahili kulindwa. Yako mabanda yaliyooza ambayo ni hatari kwa watoto, na mhandisi akisema yaondolewe, yaondolewe. Ninachokataa ni mtu asiye mhandisi kutangaza kwamba jengo limeoza kwa sababu amekipenda kiwanja chake.

Na sisi wa Merigi je? Wengine watasema, mambo haya ya stesheni yatuhusu nini, sisi tusio na reli? Yatuhusu sana, tena sasa. Mpango wa kuiendeleza ile reli pana kutoka Naivasha hadi Kisumu umeonyesha njia ipitayo Narok na Bomet. Wapimaji wakija, watakuja na ramani, na katika ramani stesheni ni kidoto kidogo tu ambacho chaweza kusogezwa huku na huku bila ya mtu kulia. Ardhi ya mbali na mji ni rahisi kununua, kwa hiyo kidoto kitaelekea kusogea mbali. Katiba ya mwaka 2010 yasema wananchi washirikishwe, na mikutano itaitishwa. Msiiache mikutano hiyo kwa wazee peke yao, wala msiende kupiga makofi tu. Ulizeni stesheni itakuwa kilometa ngapi kutoka soko la Bomet. Ulizeni mama mwenye mtungi wa maziwa atafikaje hapo alfajiri, kwa miguu au kwa pikipiki, na kwa nauli ya nani. Ulizeni kama magari yatasimama kwa abiria wa karibu, au yatapita mbio kama kwamba hatupo. Ulizeni pia reli ya zamani ya Londiani na Kipkelion itafanyiwa nini siku mpya itakapofunguliwa, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la aliyejibu.